Saini ya Sista

Kila mwanafunzi wa uuguzi hapa Kenya ana kitabu ambacho afadhali apoteze simu kuliko kukipoteza. Wenyewe wanakiita logibuku. Ndani mna orodha ya kazi ambazo lazima azifanye kwa mikono yake mwenyewe kabla hajafuzu: kuosha kidonda, kutia mrija wa mkojo, kumzalisha mama, kumtayarisha mgonjwa wa upasuaji. Mbele ya kila kazi kuna nafasi ya tarehe na nafasi ya saini. Saini yenyewe mara nyingi haitoki kwa mwalimu wa darasani. Inatoka kwa muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo wodini, na muuguzi huyo anaweza kuwa ameamka vizuri au ameamka vibaya.

Ukitaka kujua uonevu kati ya wauguzi unaanzia wapi, anza na kalamu hiyo. Hakuna anayepigwa. Hakuna damu. Mwanafunzi anaambiwa akalete chai kwanza, halafu saini itaonekana. Muuguzi mgeni anauliza swali mbele ya mgonjwa na kujibiwa kwa kicheko: kwani huko chuo mlikuwa mnafundishwa nini? Wakati wa kukabidhiana zamu wenzake wanamkaushia, wanamwachia vitanda ishirini bila kumwambia kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne amekuwa akitapika tangu usiku wa manane. Ratiba ya mwezi inabandikwa ukutani, na kwa mara ya tatu mfululizo jina lile lile limeangukia Krismasi. Akilalamika, jibu liko tayari, na lilikuwa tayari kabla yeye hajazaliwa: hata sisi tulipitia.

Kama ulisoma shule ya bweni unalijua jibu hilo. Ndilo alilopewa kila mono aliyelazimishwa kufua soksi za wakubwa. Na si ajali kwamba bweni na wodi zinazungumza lugha moja. Zote mbili tulizipokea kutoka kwa mtu mmoja, na vyeo vyake, na kengele zake.

Watu hupenda kulieleza jambo hili kwa njia ya mkato. Eti wanawake hawapendani, eti ukiweka wanawake kumi pahali pamoja lazima moto uwake. Huo ni uvivu wa kufikiri. Wauguzi wanaume huonewa na huonea vilevile. Nadhani maelezo hayo yamedumu kwa sababu yanawafaa wakubwa wa hospitali: kama ni maumbile, basi hakuna wa kuulizwa. Lakini ukirudi nyuma unakuta jambo hili lina tarehe. Lina watu waliolijenga, na walilijenga kwa sababu ambazo wakati huo zilionekana nzuri kabisa.

Mwaka 1860, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, ilifunguliwa shule ya wauguzi kwa pesa za Mfuko wa Nightingale: zaidi ya pauni 44,000 ambazo Waingereza walichanga kumshukuru Florence Nightingale kwa kazi yake katika vita vya Crimea. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15. Walipewa malazi, chakula, sare na pauni 10 kwa mwaka. Walifundishwa mwaka mmoja, kisha wakawa na deni la kutumika miaka mingine kadhaa mahali watakapopangiwa. Msimamizi wao alikuwa matroni wa hospitali, Sarah Wardroper, mjane wa daktari ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kupitia mafunzo rasmi ya uuguzi.

Nightingale hakuiendesha shule hiyo kwa mkono wake. Alikuwa mgonjwa, akifanya kazi kutoka nyumbani, mara nyingi akiwa kitandani. Alichofanya ni kubuni karatasi. Kila mwezi matroni alimjazia kila mwanafunzi fomu yenye pande mbili, mmoja wa tabia na mmoja wa ujuzi. Upande wa tabia ulipima kuwahi kazini, utulivu, uaminifu, unadhifu wa mwili na utaratibu wa wodi. Alama zilianzia bora kabisa, zikashuka ngazi kwa ngazi hadi sifuri. Zaidi ya hapo, wanafunzi walitakiwa kuandika shajara, na shajara hizo zilisomwa na wakubwa. Walilala ndani ya hospitali, wakala ndani ya hospitali, na matroni alikuwa na uwezo wa kumfukuza yeyote.

Tuwe waungwana kwa Nightingale. Katika miaka hiyo muuguzi wa Kiingereza alichorwa kama mlevi mchafu. Charles Dickens alikuwa ameshawachekesha wasomaji wake kwa mhusika wa aina hiyo, Sairey Gamp, tangu miaka ya 1840. Ili mzazi wa tabaka la kati amruhusu binti yake akalale hospitalini, ilibidi ahakikishiwe kwamba kuna jicho linalomwangalia. Tena Nightingale alitaka jambo ambalo kwa enzi yake lilikuwa kubwa: muuguzi awajibike kwa mwanamke mwenzake, matroni, badala ya kuwa chini ya kidole cha kila daktari anayepita. Alifaulu. Lakini katika kuwatoa wanawake mikononi mwa madaktari, mamlaka yote yaliwekwa kwenye ofisi moja, isiyo na dirisha la rufaa. Mtu aliyekufundisha ndiye aliyekulaza, ndiye aliyekupa alama ya uaminifu, ndiye aliyeamua kama kesho utakuwa na kazi.

Kisha hospitali zikagundua utamu wa mpango huo. Mfano wa St Thomas' ukasambaa: Sydney mwaka 1868, New York mwaka 1873, halafu kila mahali. Hospitali yenye shule ilikuwa na wafanyakazi wasiolipwa kitu, au wanaolipwa cha kufutia jasho, wanaoweza kufanya kazi usiku kucha na kuambiwa kwamba hayo ndiyo masomo. Nchini Marekani hali ilifika pabaya kiasi kwamba mwaka 1923 ripoti kubwa iliyoandikwa na Josephine Goldmark iliwalaumu wenye hospitali waziwazi kwa kutanguliza mahitaji ya wodi badala ya elimu ya mwanafunzi. Hebu fikiria msichana wa miaka ishirini aliyeachiwa wodi nzima usiku. Hajui mengi. Ili mpango ule usianguke, alihitaji kufuata amri bila kuuliza. Utiifu haukuwa tu fadhila ya kidini. Ulikuwa njia ya kupunguza gharama. Na utiifu wa namna hiyo hauji wenyewe. Lazima mtu aushikilie, na kwa kawaida anayeushikilia ni yule aliyekuwa msichana huyo miaka mitatu iliyopita.

Mpango huu ulifika Afrika Mashariki ukiwa umeongezwa kitu kimoja, rangi ya ngozi. Mwaka 1896 kilianzishwa London chama cha kupeleka wauguzi Waingereza katika makoloni. Nairobi ilipokuwa bado mji wa mahema na mabati, Waafrika walifunguliwa hospitali yao, Native Civil Hospital, mwaka 1901, ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Wazungu nao walipata yao: ile inayoitwa leo Nairobi Hospital ilianza mwaka 1954 kama European Hospital. Mgonjwa alijua mlango wake kwa kutazama mkono wake.

Katika wodi za Waafrika kazi ya mikono ilifanywa na madresa, wengi wao wanaume, waliofundishwa na misheni au na serikali kufunga vidonda na kugawa dawa. Juu yao alikuwa sista. Leo neno hilo tunalitumia bila kufikiri. Mama mjamzito akifika kliniki anaita sista na yeyote mwenye sare anageuka. Lakini kwa miaka mingi ya ukoloni cheo hicho serikalini kilikuwa cha Mzungu. Sista alikagua shuka, alikagua kucha, aliandika ripoti. Mwafrika angeweza kuwa hodari kuliko yeye katika kushona kidonda na bado asiwe na neno. Sasa jiulize: katika ngazi kama hiyo, Mwafrika angeweza kumwamrisha nani? Hakuweza kumwamrisha sista wala daktari. Aliyebaki ni Mwafrika aliyekuwa kipande kimoja cha ngazi chini yake.

Uhuru ulibadilisha waliokaa kwenye viti. Baadhi yao walikuwa watu wa kujivunia kweli. Eunice Muringo Kiereini alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza uuguzi wa nchi hii kama muuguzi mkuu, na kati ya 1981 na 1985 akawa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, chama kilichoundwa mwaka 1899. Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameshika kiti hicho kabla yake. Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983 ikatoa msingi wa Baraza la Wauguzi tulilo nalo. Viti vyenyewe, hata hivyo, vilibaki vimepangwa vilevile. Kulikuwa na wauguzi walioandikishwa kwa cheti na wauguzi waliosajiliwa kwa diploma, na tofauti hiyo ilionekana kwenye mshahara, kwenye mkanda na kwenye alama za mabegani. Wa cheti ndio waliobeba zahanati za mashambani karibu peke yao. Baadaye ikaingia shahada, na ngazi ikaongezeka kidato kingine.

Hapa ndipo mambo yanapopendeza, kwa sababu uonevu haukwendi upande mmoja tu. Mwenye digrii anaingia wodini akiwa na miaka 23 na anamkuta mama wa cheti ambaye amezalisha watoto kuliko anavyoweza kuhesabu. Kwenye karatasi, kijana ni mkubwa. Wodini, mama ndiye anayejua ni mlango gani wa stoo haufungi na ni daktari gani hupokea simu usiku. Kijana anamwita mama wa kizamani. Mama anamwacha kijana ahangaike na mshipa usioonekana mpaka jasho limtoke, kisha anauchoma sindano mara moja na kuondoka bila kusema kitu. Mwaka 2005 Baraza la Wauguzi na AMREF walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili maelfu ya wauguzi wa cheti wapande hadi diploma wakiwa bado kazini. Ninaona mpango huo kama mojawapo ya hatua muhimu za kuzuia uonevu katika historia ya uuguzi wetu, ingawa haukuitwa hivyo na hakuna aliyeuanzisha kwa sababu hiyo. Uliwapa watu njia ya kupanda isiyopitia mgongoni mwa mwenzao.

Maelezo mazuri zaidi ya kwa nini anayekanyagwa humkanyaga mwenzake hayakutoka London wala New York. Yalianzia katika hospitali ya Kiafrika. Novemba 1953 daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Martinique, Frantz Fanon, alianza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria. Wodi zilikuwa zimetengwa, Wazungu huku na Waislamu kule. Fanon alitaka kuigeuza hospitali kuwa mahali pa kuishi: wagonjwa na wauguzi wakae mkutanoni pamoja, watoe gazeti, waandae sherehe. Kwa wanawake wa Kizungu ilishika. Kwa wanaume Waislamu ilianguka vibaya. Mwaka 1954 yeye na mwenzake Jacques Azoulay waliandika wazi kwamba walishindwa kwa sababu walibeba mbinu za Ufaransa na kuzitua Algeria kama mzigo. Wakaanza upya, wakafungua mkahawa ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamleta msimulizi wa hadithi.

Alijiuzulu mwaka 1956 na kuungana na wapigania uhuru wa Algeria. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1961 alipokuwa akifa, aliandika juu ya jambo aliloliona kwa macho: mtu wa koloni anavumilia matusi na kipigo cha polisi, lakini Mwalgeria mwenzake akimtazama vibaya kidogo, kisu kinatoka. Hasira haina njia ya kupanda juu, kwa hiyo inakwenda pembeni. Mwalimu wa Kibrazili Paulo Freire alilichukua wazo hilo na kuliendeleza. Na mwaka 1983 muuguzi na mtafiti wa Marekani, Susan Jo Roberts, aliwasoma wote wawili na kuuliza kama wauguzi nao si kundi la namna hiyo: wengi kwa idadi, wasio na sauti mbele ya madaktari na wenye hospitali, hivyo wanararuana wao kwa wao. Miaka 3 baadaye, mwaka 1986, Judith Meissner aliandika makala akiuliza kama wauguzi wanakula watoto wao. Swali hilo likageuka msemo, na msemo ukazunguka dunia.

Msemo huo siupendi sana. Una ukweli, lakini unamfanya muuguzi aonekane kama mnyama mwenye silika fulani. Mwaka 2006 watafiti wa Australia wakiongozwa na Marie Hutchinson walisema kitu ambacho mimi nakiona kizito zaidi: acheni kuangalia hasira za wauguzi peke yake, angalieni hospitali inavyompa nani nguvu. Nani anapanga zamu? Nani anamwandikia nani ripoti ya kazi? Malalamiko yanapelekwa kwa nani, na huyo ni rafiki ya nani? Mwonevu aliyebobea hahitaji kupiga kelele. Anahitaji ratiba na kalamu tu.

Na gharama haiishii kwa muuguzi. Chukua dozi iliyoandikwa kwa haraka kwenye karatasi ya matibabu, sifuri moja imekaa vibaya. Muuguzi mgeni anaitilia shaka. Jana aliuliza swali akachekwa mbele ya wodi nzima. Leo atauliza? Mwaka 2008 taasisi ya Marekani inayothibitisha ubora wa hospitali, Joint Commission, ilitoa tahadhari rasmi kwamba vitisho na dharau kazini huchangia makosa ya matibabu, ikazitaka hospitali ziwe na utaratibu wa kushughulikia tabia hizo bila kujali cheo cha mtu. Ilichukua miaka 148 tangu ile karatasi ya tabia, ambayo ilipima utulivu wa mwanafunzi lakini haikupima ujasiri wake wa kuuliza.

Basi linazuiwa vipi? Wasweden walianza na sheria. Mwaka 1993, baada ya kazi ya mwanasaikolojia Heinz Leymann kuhusu watu kumkalia mwenzao kazini, walitoa kanuni iliyomtupia mwajiri jukumu la kuzuia, si kusubiri mtu aumie ndipo aunde kamati. Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Hiyo ni hatua. Lakini mama anayepangiwa usiku miezi mitatu kwa sababu alimkosoa mkuu wa wodi hapati mlango wake humo. Itabidi akaushike ule wa Katiba ya 2010, heshima ya utu katika kifungu cha 28 na haki za kazi katika kifungu cha 41, na huo ni mlango mzito wa kusukumwa na mtu mmoja aliyechoka. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, na mwaka 2021 ukaanza kutumika. Unataja kila aina ya mfanyakazi, hata wanagenzi. Mwanafunzi mwenye logibuku yumo.

Huko Boston walijaribu njia ndogo zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, mwalimu wa uuguzi Martha Griffin aliwachukua wauguzi wapya 26 katika hospitali moja kubwa na kuwafundisha kwanza kwamba watakayokutana nayo yana jina. Kisha akawapa kadi ndogo za kuvaa nyuma ya kitambulisho. Kila kadi ilikuwa na aina ya uonevu na maneno ya kujibu, ya adabu lakini yaliyonyooka. Mtu akikugeuzia macho, unasema hivi. Wakikunyima habari za mgonjwa, unasema hivi. Wakafanya mazoezi mpaka maneno yakazoea mdomo. Baadaye walieleza kwamba kumkabili mtu kulikuwa kugumu, lakini walipothubutu, tabia ilikoma. Mimi hupenda hadithi ya kadi hizo, ingawa ina kasoro iliyo wazi: mzigo umebaki kwa yule yule mdogo. Ni kama kumfundisha mono jinsi ya kuzungumza na viranja huku viranja wakiendelea na yao.

Njia iliyogusa wodi nzima ilitoka katika hospitali za maveterani wa Marekani mwaka 2005, na baadaye ikapimwa Kanada na akina Michael Leiter na Heather Laschinger. Haina maajabu. Watu wa wodi moja, wakubwa kwa wadogo, wanaketi mara kwa mara kwa miezi 6 na kuzungumza wanavyotendeana. Wao wenyewe wanaamua heshima inaonekanaje pale kwao. Ripoti ya Kanada, iliyotoka mwaka 2011, ilionyesha wodi zilizofanya hivyo ziliimarika katika ustaarabu na imani kwa wakubwa kuliko zile ambazo hazikufanya. Fanon angetambua mkutano huo mara moja. Angeuliza pia kama viti vimepangwa kwa namna ambayo watu wa hapo wanaijua, au vimeletwa na meli.

Kwetu jibu lilipitia wodi ya uzazi, na lilipitia mlango wa nyuma. Mwaka 2011 ulianza mradi ulioitwa Heshima, wa Population Council pamoja na FIDA Kenya na chama cha kitaifa cha wauguzi. Lengo lilikuwa akina mama, waliokuwa wakitukanwa na hata kupigwa makofi wakati wa kujifungua. Katika vituo 13 walivyofanyia utafiti, mama 1 kati ya 5 alisema alitendewa vibaya. Lakini waliokaa na wauguzi waligundua kwamba huwezi kumwomba mtu atoe heshima ambayo yeye mwenyewe haijui kazini. Kwa hiyo kando ya siku za wazi za wodi, ambapo akina mama waliingia kuona wanakojifungulia, na kando ya utaratibu wa upatanishi katika jamii, waliweka ushauri nasaha kwa wauguzi na wakunga wenyewe. Malalamiko yalishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Huwezi kusema ni sehemu ipi hasa iliyofanya kazi. Ila ni mojawapo ya mara chache ambapo mtu alimkalisha sista wa wodi ya uzazi na kumuuliza, na wewe je, unatendewaje?

Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma kwa takriban miezi 5, kuanzia Juni hadi Novemba. Walishikana barabarani, wa cheti na wa digrii, wakiimba pamoja. Yeyote aliyewaona hawezi kuamini zile porojo za kutopendana. Mgomo ulipokwisha walirudi wodini, na ratiba ilikuwa bado ukutani, imeandikwa na mtu mmoja.

Ndiyo maana mimi hurudi kwenye kalamu. Semina za tabia njema ni sawa, chai na mandazi ni sawa, lakini maadamu saini ya mwanafunzi iko mikononi mwa mtu mmoja, mtu huyo akiwa na siku mbaya ni mfalme. Ratiba ipangwe na watu wawili na sikukuu zizungushwe hadharani kwa zamu. Malalamiko yaende nje ya wodi. Na anayemfundisha mtu asiwe peke yake anayempa alama.

Hili la mwisho si ndoto. Mwaka 2018 baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza lilibadilisha kanuni zake za kuwafundisha wanafunzi hospitalini. Zamani mlezi mmoja alifundisha na kupitisha. Sasa kazi hizo zimegawanywa: kuna anayemsimamia mwanafunzi wodini na kuna anayemtathmini, na kwa mwanafunzi mmoja watu hao hawaruhusiwi kuwa mtu yule yule. Sababu kubwa waliyokuwa nayo ilikuwa ubora wa tathmini, wala si uonevu. Hata hivyo kalamu ilikatwa vipande viwili, katika nchi ile ile ya karatasi ya mwezi. Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi wetu huko. Baadhi ya wanaokwenda sasa wanawasimamia wanafunzi katika wodi za London, wakiwafundisha kufunga vidonda na kuhesabu dozi, na ikifika wakati wa saini ya mwisho wanampisha mtu mwingine aje na kalamu yake. Hapa nyumbani, wiki hii, kuna mwanafunzi amesimama kando ya meza ya wauguzi na logibuku mkononi, anasubiri sista amalize kunywa chai.